Mkanda wa msasa unaokimbilia pembeni na mninga unaoungua: jibu kwa seremala wa Mbagala

Swali: Msomaji wetu, seremala wa Mbagala anayetengeneza stuli na vibao vya kukatia mboga kwa mbao za mninga, anaeleza kwamba miezi minne iliyopita alinunua katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, mashine ya mezani ya kupigia msasa iliyokwishatumika, yenye mkanda wa inchi 4 kwa 36 na diski ya inchi 6. Mkanda hukimbilia upande wa kushoto hata akizungusha kitasa cha kuurekebisha mpaka mwisho. Vichwa vya mbao vinaungua na kubaki na weusi. Na mota hulegea kila anapokandamiza ubao. Mikanda anayotumia huungwa na fundi wa mtaani kutoka kwenye roli la msasa wa kitambaa, kwa kuwa ile ya kiwandani haipatikani kila siku. Fundi umeme amemshauri abadilishe mota, naye anauliza kama afuate ushauri huo.

Jibu: Ndugu yangu fundi, usinunue mota kwanza. Kwa jinsi ulivyoyaeleza mambo, naona malalamiko yako matatu yana vyanzo viwili tu, na vyote viwili vinaanzia kwenye mkanda wa msasa. Mota inaingia mwishoni, kama mchukuzi anayelaumiwa kwa uzito wa gunia alilotwishwa na mtu mwingine. Hata hivyo, mashine iliyokwishatumika ina mambo iliyoyapitia usiyoyajua, kwa hiyo nitakuomba uikague kwa mpangilio, ukianza na yale yasiyogharimu hata shilingi moja, na kila mara utakapogusa mkanda au rola uwe umechomoa plagi kwenye soketi, si kuzima swichi peke yake.

Nianze na mkanda unaokimbia. Mkanda wa msasa hukaa katikati kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba rola moja, mara nyingi ile inayozungushwa na mota, haikuchongwa sawa kama bomba: katikati yake ni nene kidogo kuliko kwenye ncha, tofauti ambayo jicho haliioni kirahisi lakini rula ya chuma ikilazwa juu yake huionyesha, na mkanda unaozunguka una tabia ya kupanda kuelekea palipo panene. Ya pili ni kwamba rola ya upande mwingine, ile isiyoendeshwa na mota, inaweza kuinamishwa kidogo kwa kile kitasa ulichokuwa ukikizungusha, na kuinama huko ndiko kunakousukuma mkanda kulia au kushoto. Kitasa hicho kimewekwa ili kurekebisha kasoro ndogo za mkanda ulio mzima. Hakina uwezo wa kuunyoosha mkanda ulioungwa vibaya, na ukiona umekizungusha mpaka mwisho bila mafanikio, hiyo ni dalili tosha kwamba tatizo haliko pale.

Kipimo cha kutenganisha kosa la mkanda na kosa la mashine ni rahisi. Chomoa plagi, rudisha kitasa katikati ya safari yake, vua mkanda, kisha uvishe tena ukiwa umeugeuza, ule ukingo uliokuwa kushoto sasa uwe kulia. Zungusha rola kwa mkono mizunguko kumi au kumi na tano huku ukitazama. Kama mkanda ambao zamani ulikimbilia kushoto sasa unakimbilia kulia, kosa ni la mkanda; kama bado unakwenda kushoto vilevile, kosa ni la mashine. Ugeuzaji huu ni wa kupimia tu. Ukimaliza, rudisha mkanda ulivyokuwa, kwa sababu mikanda mingi ina mshale kwa ndani unaoonyesha upande wa kuzunguka, na maungio yake yamelaliana kiasi kwamba ukiuendesha kinyume, ubao unaweza kuudaka ule mdomo wa maungio na kuufumua mkanda ukiwa katika mwendo.

Ningeweka dau kwamba utakuta kosa ni la mkanda. Mkanda wa kuunga una ugonjwa mmoja unaojirudia: ncha mbili hazikukatwa kwa pembe ileile, na kwa hiyo ukingo mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake. Mkanda wa namna hiyo si mviringo ulio sawa tena. Una umbo la ndoo, mpana juu na mwembamba chini, na ndoo ukiiviringisha sakafuni haiendi moja kwa moja. Ulaze mkanda mezani, ukunje mara mbili bila kuukunjamanisha, upime kingo zote mbili kwa utepe. Tofauti ya milimita 1 au 2 tu inatosha kukusumbua siku nzima. Kwa mkanda wa inchi 36, yaani milimita 914, kingo zote mbili zinatakiwa zisome namba ileile.

Hilo halimaanishi kwamba uachane na fundi wako wa kuunga. Mpelekee kipande cha ubao ulichokikata kwa mshazari, akitumie kama kielelezo cha kukatia ncha zote mbili, badala ya kukisia kwa jicho. Mwombe pia aparuze chembe za msasa kwenye ncha itakayolala chini kabla ya kupaka gundi, ili maungio yasiwe nene kuliko sehemu nyingine. Maungio manene huyatambua kwa sikio kabla ya jicho: mashine inagonga tak, tak, tak kwa mwendo uleule, na juu ya ubao zinabaki alama zilizopishana kwa umbali sawa ambazo huziondoi kwa mkono bila kutoa jasho. Mkanda wa aina hii unaweza kufaa kwa kazi ya kuondoa unene, lakini kwa kibao cha mninga ambacho mteja atakishika na kukitazama kwa karibu, mimi nisingeutumia.

Ikiwa kipimo kimeonyesha kosa ni la mashine, usirukie kwenye beringi. Tazama uso wa rola kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza mchana mzima katika karakana moja ya Keko nikizungusha kitasa kulia na kushoto mpaka mkanda ukala ukingo wa fremu, na kumbe ilikuwa ni utomvu wa mbao za paini uliochanganyika na vumbi, ukaganda upande mmoja wa rola na kutengeneza kilima kisichotakiwa. Mkanda ulikuwa ukifanya kazi yake kwa uaminifu, ukipanda palipo panene. Utomvu huo ukwangue kwa kipande cha mti mgumu, usitumie bisibisi, kwa sababu rola ya kuendesha mara nyingi imevikwa mpira na mpira ukichubuka umepata tatizo jipya. Baada ya hapo shika rola isiyo na mota na uitikise juu na chini: ikicheza, beringi zake zimekwisha au tundu la ekseli limepanuka. Mwisho bonyeza ule wenzo wa kukazia mkanda. Springi yake inatakiwa iusukume mkono wako kwa nguvu. Ikiwa imelegea, mkanda utatulia mashine ikiwa tupu na utakimbia mara tu ubao utakapougusa.

Marekebisho yenyewe yafanye taratibu. Anza kwa kuzungusha mkanda kwa mkono mpaka utulie takriban katikati, kisha chomeka plagi, washa na uzime papo hapo, utazame umeelekea wapi. Geuza kitasa robo ya mzunguko, usizidishe, na urudie. Sitakuambia ugeuze kulia au kushoto, kwa sababu mashine hutofautiana. Robo ya kwanza ndiyo itakayokufundisha. Mkanda unapenda kujibu kwa kuchelewa, na makosa mengi hutokea pale fundi anapogeuza tena kabla jibu la kwanza halijafika.

Sasa twende kwenye kuungua, ambako ndiko mota yako inakonyanyasika. Chembe ya msasa ni mfano wa patasi ndogo sana: ikiwa kali inakata na kutupa unga, ikiwa butu inasugua tu, na kusugua huzalisha joto. Mkanda unapoanza kuchakaa au matundu yake, yaani nafasi kati ya chembe, yanapojaa unga na utomvu, fundi huhisi kwamba mashine haikati, kwa hiyo anaongeza nguvu ya mikono. Nguvu hiyo haiurudishii msasa makali. Inaongeza joto, joto linaunguza mbao na kuyeyusha utomvu, utomvu unaziba msasa zaidi, na mota inalegea kwa sababu sasa inaendesha breki badala ya kisu. Ndiyo maana nasema kuungua kwa mninga na kulegea kwa mota ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Vichwa vya mbao, pale palipokatwa kukingama nyuzi, ndivyo vinavyoungua mapema kuliko pengine popote, kwa kuwa hapo msasa unakata ncha za nyuzi badala ya kuzilalia, na kila chembe inapata kazi kubwa zaidi. Kazi hiyo ianzie kwenye msasa namba 80 ulio mkali, kwa kugusa kidogo na kuondoa ubao, kugusa na kuondoa, huku ubao ukitembea muda wote. Usianze na namba 120 au 180 kwa kudhani kwamba laini ni salama. Msasa laini una matundu madogo, unajaa upesi, na ndio unaounguza zaidi. Namba 120 ije baada ya umbo kukamilika, ikate tu mikwaruzo ya namba 80, na ile ya 180 mimi huipiga kwa mkono nikifuata nyuzi, kwa sababu mikwaruzo ya mashine iliyokingama huwa haionekani mbao ikiwa kavu, halafu mafuta au vanishi ikipita inajitokeza yote mbele ya mteja.

Kwenye diski kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalifikirii. Diski ya inchi 6 ikizunguka mara 1,425 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 11 kwa sekunde, lakini nusu ya njia kuelekea katikati mwendo ni nusu ya huo, na katikati kabisa haukati chochote. Kwa hiyo ubao uliotulia mahali pamoja utaungua upande wa ukingo na kubaki na kazi upande wa katikati. Usogeze kulia na kushoto, lakini ndani ya ile nusu ya diski inayoshuka kuelekea mezani tu; nusu inayopanda itaunyanyua ubao na kukurushia unga usoni. Nafasi kati ya meza na diski iwe milimita 1 na nusu hivi, isizidi sana, maana kipande chembamba kikidumbukia pale kinabanwa na vidole hukifuata. Usivae glovu, wala shati lenye mikono inayoning'inia.

Msasa uliojaa unga bado haujafa. Unauzwa mche wa mpira laini wa asili wa kusafishia msasa, na usipoupata, soli ya kiatu cha zamani iliyotengenezwa kwa mpira wa asili wa rangi ya maziwa hufanya kazi hiyohiyo: washa mashine, igusishe soli kwenye mkanda unaozunguka, na unga utang'oka na kung'ang'ania mpira. Plastiki haifai, itayeyuka na kuumaliza mkanda kabisa. Iwapo baada ya kusafisha mkanda unang'aa kama kioo na ukiupitishia kidole mashine ikiwa imechomolewa husikii ukali, hapo chembe zimekwisha na hakuna soli itakayozirudisha. Mvule humaliza mikanda mapema kwa sababu ndani yake hupatikana mawe madogo ya chokaa, na msaji vilevile, kwa kuwa una mafuta pamoja na silika, yaani madini magumu kama ya mchanga. Ukipokea kazi ya mbao hizo, hesabu mikanda ya ziada katika bei unayomwambia mteja.

Nirudi kwa mota na yule fundi umeme. Kabla ya kumkubalia, tumia masikio. Kandamiza ubao mpaka mkanda upunguze mwendo, kisha sikiliza: kama mlio wa mota unabaki uleule wakati mkanda wa msasa unasimama, mota haina kosa; kinachoteleza ni belti ndogo ya mpira inayounganisha mota na rola, au mkanda wa msasa wenyewe haukukazwa. Kama mlio wa mota nao unashuka na kuwa mzito, basi kweli mota inazidiwa, na swali linalofuata ni kama inazidiwa na mikono yako au na umeme unaoifikia.

Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota. Katika mashine za mitumba zinazoingia nchini zimo zilizotengenezewa Marekani, za volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), wakati umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inatatua suala la volti lakini haigusi hezi, kwa hiyo mota ya namna hiyo itazunguka kwa tano ya sita tu ya mwendo wake na itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Ukikuta kibati kinasoma hivyo, nitaelewa ushauri wa kubadilisha mota. Kikisoma volti 220 hadi 240 na hezi 50, endelea kutafuta.

Fuata waya. Karakana nyingi za huku kwetu ziko uani, na umeme unavutwa kutoka sebuleni kwa ekstensheni ndefu iliyonunuliwa kwa ajili ya redio na taa. Chukua mfano wa mota ya wati 370, inayovuta kama ampea 3 ikifanya kazi na mara tano au sita ya hizo inapoanza kuzunguka. Ukiilisha kwa ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 0.75, volti zipatazo 25 zinapotelea njiani wakati wa kuwasha. Nguvu ya mota ya aina hii ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti, hivyo hasara hiyo ya volti 25 inaondoa karibu moja ya tano ya nguvu ya kuanzia, na hapo hatujahesabu saa za jioni ambapo umeme wa mtaa wenyewe hufika ukiwa pungufu. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, uliokunjuliwa wote, usioachwa umeviringishwa kwenye kigurudumu chake, kwa kuwa waya ulioviringishwa hauna pa kutolea joto. Kipimo cha bure ni kubeba mashine hadi kwenye soketi ya ukutani na kuijaribu pale: ikichangamka, umeshajua cha kununua.

Kuna hali moja ambayo inahitaji fundi umeme bila kusubiri, nayo ni mota inayovuma bila kuzunguka. Zima mara moja, kwa sababu mota iliyokwama huungua ndani ya muda mfupi sana. Mara nyingi chanzo ni kapasita ya kuwashia iliyokufa, yaani kile kifaa kinachoisaidia mota ianze kuzunguka, au ile swichi ndogo ya ndani inayofunguka mota ikishika kasi, ambayo vumbi la mbao limeiingia na kuizuia isifunge tena. Kapasita hutunza umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo usiifungue mwenyewe.

Vumbi hilohilo linaloziba swichi linaingia pia kifuani mwako. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile vilivyothibitika kwa binadamu, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1995, na vumbi la mninga na la mvule zaidi ya hapo huwasha ngozi na kubana pumzi za baadhi ya watu. Leso iliyofungwa usoni huzuia chembe kubwa tu. Zile nyembamba zinazofika ndani kabisa zinapita. Vaa barakoa ya N95 inayobana vizuri, na kama mashine yako ina mdomo wa kutolea vumbi, uunganishe na mashine ya kuvuta vumbi hata kama ni kuukuu. Najua pia kwamba mafundi wengi hunolea patasi kwenye mkanda huohuo. Cheche ya chuma ikianguka kwenye mfuko wenye unga mkavu wa mbao inaweza kufukuta kimyakimya na kuwaka saa kadhaa baadaye, wakati umeshafunga karakana, hivyo noa pengine.

Jambo la mwisho kuhusu mikanda yako ni mahali unapoihifadhi. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu karibu mwaka mzima, na wakati wa masika mkanda ulioning'inizwa kwenye msumari hupata kunjo moja lisilonyooka na maungio yake hulegea gundi. Itundike kwenye kipande cha bomba pana, au iviringishe kwa ulegevu ndani ya ndoo yenye mfuniko, na kabla ya kuivisha ikunje maungio taratibu kwa vidole: yakilia au yakionyesha ufa, mkanda huo usiuwashe.

Fanya hivi wiki hii: pima kingo za mkanda, safisha rola, weka mkanda mpya wa namba 80, jaribu mashine kwenye soketi ya ukutani, na ukandamize ubao kwa uzito wa mkono wako tu. Ikiwa baada ya hayo yote mota bado inapoteza mlio wake hata kabla ubao haujaigusa mashine, hapo mwite yule fundi umeme, na umwombe aanze na swichi ya ndani na kapasita kabla hajakutajia bei ya mota.